Cd nzuri isiwalevye

Wiki hii nilikaa nyuma kwenye seminari nikitazama vijana wa uzamili wakileta simulesheni ya mtiririko unaopita silinda ile ile, Re 3900 (Re ni namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa mtiririko na mnato wake), picha zina rangi kama kitenge cha harusi, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha Cl, kipimo cha nguvu inayosukuma silinda kando (Cd ni cha ukinzani), dhidi ya muda. Nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Leo hakuna wageni.

1. Re kwanza, meshi (gridi ya kukokotolea) baadaye. Mizunguko ya mtiririko (vortex) huanza kubanduka nyuma ya silinda Re ikifika 47 hivi; ikipita 190, mtiririko si wa pande mbili tena. Re 100 maliza kwenye laptopu yako, utapata Strouhal (namba ya marudio ya kubanduka kwa mizunguko) ya karibu 0.165, ukalale. Re 3900 ni habari nyingine.

2. Tupa mwanzo wa simulesheni kabla ya kutafuta wastani. Hapa nina kidonda. Nikiwa mwanafunzi niliiendesha Re 3900 kwa pande mbili tu, kwa kuwa kompyuta ya maabara ilikuwa ya kugombaniwa na stima ilipotea ilivyotaka. Nikachukua wastani wa Cd tangu sekunde sifuri. Ikatoka karibu 1.0, sawa kabisa na majaribio! Nikawatumia wenzangu, nikaanza hata kuandika hitimisho. Msimamizi hakugusa jedwali langu. Alisema tu, "Niletee Cl." Tukaifungua. Mstari umelala sifuri muda mrefu, ukaanza kutetemeka, kisha ukapanda na kushuka kwa fujo kule mwishoni. Akaweka kidole pale ulipolala. "Hapa mizunguko haijaanza kubanduka, kwa hiyo ukinzani ni mdogo." Akakisogeza. "Na hapa umezidi, maana katika pande mbili mizunguko haina pa kuvunjikia. Inajikunja karibu mno na mgongo wa silinda na kuuvuta nyuma. Umechanganya kilichopungua na kilichozidi, ukapata ulichokitaka." Kipande cha mwisho peke yake kilitoa zaidi ya 1.6. Nilifuta sura nzima, nikawaandikia niliowatumia, mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa ameshaiweka kwenye ripoti yake. Tunasalimiana siku hizi.

3. Urefu wa silinda, anzia πD (D ni kipenyo). Na hakikisha eneo la kukokotolea Cd ni kipenyo mara urefu huo. Kuna aliyeacha eneo likiwa 1 na kuja kuniuliza kama amegundua kitu.

4. Nyinyi wa handaki la upepo, acheni kuandika 1.225 kama msongamano wa hewa. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari, waachieni watu wa Mombasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na kilo kwa mita ya ujazo ni karibu 1.0. Pima shinikizo na joto siku ile ile ya jaribio. Mwenye bomba la Pitot, linalopima kasi kupitia shinikizo, asijidai amepona: Cd yake itatoka salama kwa kuwa kosa linajifuta, lakini kasi itapungua kwa karibu asilimia 10, na Strouhal ya 0.20 itasoma 0.22. Halafu aje kulaumu silinda.

5. Strouhal itafute kwenye Cl. Cd hupanda na kushuka mara mbili kila Cl inapopanda na kushuka mara moja, kwa sababu kila upande wa silinda unabandua mzunguko wake. Ukiniletea 0.42 kwa Re 3900, sitauliza umekosea wapi. Nitakuuliza kwa nini umeogopa kuifungua Cl.