Saa ya titani nyepesi hivi, ni feki?

*Yaya, jambo. Mi niko Lubumbashi, commune ya Kampemba. Kuna muntu anataka kuniuzisha saa ya okazio, Tudor Pelagos ya bleu, ile ya kuzamia mu maji, anasema ni ya mwaka 2013, dola 2,400 na katoni yake na kadi ya garanti. Shida iko hivi, niliishika mu mukono nikaona iko nyepesi sana, na bandugu bananiambia paka "hiyo ni ya Chine, achana nayo". Mwenyewe anasema ni titani. Nimuamini?*

Leki, kwenye uzito ndugu zako hawana haki. Titani ndivyo ilivyo: sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.5 hivi, chuma cha pua karibu 8, shaba yetu karibu 9. Pelagos ingekuwa nzito njo ningeogopa. Rangi yake pia ni kijivu iliyofifia, haing'ai, na inachubuka haraka, kwa hiyo ukiona mikwaruzo midogo usishtuke, bora hiyo kuliko ile iliyopigwa polishi mpaka kona zote zimelainika. Mfuniko wa nyuma, huo ni wa chuma cha pua, asije mtu akakuambia umebadilishwa.

Ila wepesi hauoneshi kama ni orijino, maana hata wanaoiga siku hizi wanatumia titani.

Mi kinachonisumbua ni hiyo 2013. Pelagos ilitoka 2012, nyeusi tu, na ndani mlikuwa mashine ya ETA, kampuni ingine ya Uswisi inayotengeneza mashine za saa. Ya bleu ilikuja 2015 pamoja na mashine ya Tudor wenyewe, MT5612. Sasa ya bleu ya 2013 imetoka wapi? Pengine kadi ni ya saa ingine, pengine aliuziwa na yeye hajui, pengine anajua vizuri sana. Angalia maandishi ya chini kwenye uso, juu kidogo ya alama ya 6, ile iliyo chini kabisa: zile za kwanza zina mistari miwili, za kuanzia 2015 zina mitano. Ukikuta mitano na kadi imeandikwa 2013, hapo hakuna mjadala, hiyo kadi si ya hiyo saa, na namba ya kwenye kadi uilinganishe na ya kwenye saa, tarakimu kwa tarakimu, usisomewe na yeye.

Kuna jaribio la bure pia. MT5612 ikijazwa ufunguo mpaka mwisho inatembea masaa 70 hivi bila kuvaliwa, ile ETA haifiki hata 45. Mwambie aijaze ijumaa jioni mbele yako, ailaze mezani, mkutane jumatatu asubuhi. Kama imesimama tangu jumapili basi ndani si mashine hiyo, au imechoka inataka servisi, na servisi ya saa ya namna hiyo ni mamia ya dola, itoe kwenye bei. Halafu fundi aifungue, wote watatu mkiwa pale. Muuzaji akianza kusema ooh ikifunguliwa itaharibika, rudi nyumbani na pesa yako. (Springi kuu ya saa nyingi za Uswisi ina kobalti ndani, nani ajue, pengine ilipitia migodi yetu ya Kolwezi kabla ya kukufikia wewe.)

Bei yenyewe iko chini ila si ya ajabu, mpya inapita dola 4,000. Mulipe muuzaji mkiwa palepale kwa fundi, saa ikishafungwa, na usitume avansi kwa simu hata kama anakuambia kuna mwingine anaitaka.

*Na mi nauliza: hiyo Pelagos imeandikwa mita 500, naweza kuogelea nayo? Na ile kitu ya duara ubavuni ni ya nini? (msomaji wa Ruashi)*

Mita 500, hata Ziwa Kivu lenyewe chini kabisa halifiki hapo. Lakini hizo ni za saa mpya, raba za ndani zinakauka na miaka, kwa hiyo kama haijapimwa presha usiingie nayo hata pisini ya hoteli. Ile ya ubavuni ni valvu ya heliumu, ya wazamiaji wanaokaa siku nyingi kwenye chumba cha presha wakipumua heliumu, gesi inajipenyeza ndani ya saa na wakirudi juu inaweza kurusha kioo. Inajifungua yenyewe, usiichokonoe.