Kimyanga, Supa na alama za vinasaba

Mkuu, umeuliza kama mbegu ya mpunga inayotafutwa kwa alama za vinasaba (vipande vya DNA vinavyoonyesha mche umebeba jeni gani) ndiyo hiyo GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara, na kwa nini hadi leo Supa, ule mpunga wa kunukia wa huko kwenu Kilombero, haijapata kinga ya kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga njano. Nimekuwa fundi wa maabara kwenye mradi wa kuzalisha mbegu Morogoro kwa misimu minne, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono.

GMO siyo. Ni mpunga kwa mpunga. Jioni unakata ncha za maua ya Supa, ndiyo mama, kwa mkasi mdogo, kila ua unalitoa vifuko vyake sita vya chavua kwa kibano, unalifunika shuke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake kwenye saa nne asubuhi unakung'utia chavua ya baba. Baba yetu alikuwa Gigante, mpunga wa Msumbiji wenye kinga ya kimyanga.

Ugumu unaanzia hapo. Kinga ya Gigante ni jeni moja tu, iko kromosomu ya 4, na ni ya kujificha: mche wenye nakala moja ya Gigante na moja ya Supa unaugua kama kawaida. Sasa ili harufu na punje ya Supa virudi, chotara lazima umchavushe tena na Supa mara tatu au nne, na kila mara nusu tu ya miche ndiyo inabeba kinga. Kwa macho yote inafanana! Bila alama, kila mzunguko ulidai kizazi kimoja zaidi cha kujichavusha chenyewe ili nakala mbili za kinga zikutane, ukiambukize virusi, usubiri kuona nani kapona. Sisi tulikata kipande cha jani la mche mchanga, ukubwa wa ukucha, tukatoa DNA, tukaipitisha kwenye PCR (mashine ya kuzidisha kipande cha DNA) na jeli inayokionyesha kama mstari. Mche unaoonyesha mistari miwili, wa Supa na wa Gigante, ndio unaobaki. Trei ya miche 96 tulikuwa tunaipunguza kwa siku mbili, kabla hata haijatoa maua. Mara ya kwanza kuiona ile mistari nilinyamaza kabisa.

Ila msidanganywe kwamba maabara inamaliza kazi. Alama tuliyotumia, RM252, ni jirani wa jeni, siyo jeni yenyewe; mara mojamoja hutengana. Mwishoni bado tulisugua majani kwa maji ya majani yenye ugonjwa ili tuhakikishe. Pia kuna aina za virusi zinazoivunja kinga ya Gigante, ndiyo maana mimi naamini mbegu yenye jeni moja isitolewe peke yake. Iunganishwe na kinga nyingine kutoka mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, na hapo alama ni za lazima, maana shambani huwezi kutofautisha mche wenye kinga mbili na wenye moja.

Kwa msimu huu, mkuu, kumbuka kimyanga hakipiti kwenye mbegu. Kinabebwa na mbawakawa, na pia mikono na mundu. Kagua kitalu kabla ya kupandikiza: mche wenye madoa ya njano uliodumaa ung'oe, kisha nawa mikono kwa sabuni ndipo ushike mwingine.