Albamu ya doom ikisikika tope, anza na spika kabla ya bendi

Mkuu, malalamiko yako juu ya albamu hiyo mpya ya doom, yaani metali nzito ya mwendo wa polepole, ni matatu: sauti ni tope, besi haisikiki, na nyimbo ni ndefu zisizokwenda popote. Hilo la tatu linaweza kuwa kweli. Mawili ya kwanza siyakubali mpaka nijue umeisikilizia wapi. Kama ni kwenye spika ya simu, bado hujaisikia.

Angalia hesabu. Waya mnene wa gitaa lililotuniwa kawaida hutoa noti ya E, yaani Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde). Bendi za doom huteremka zaidi ya hapo. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani na kuhitaji nyuzi zilizolegea, alishusha nusu toni tatu hadi C# kwenye albamu yao Master of Reality mwaka 1971. Hapo gitaa liko Hz 69, na besi oktava moja chini yake, Hz 35 hivi. Wanaoshuka hadi A wana gitaa la Hz 55 na besi ya Hz 27.5. Spika ya simu haina nguvu ya maana hata kwenye Hz 200. Unachopata ni mkwaruzo wa fazi (kifaa kinachokwaruza sauti ya gitaa) peke yake, mwili wa noti haupo.

Tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote, au spika zenye koni ya inchi 6 na kuendelea. Zima kile kitufe cha kuongeza besi, kwani mara nyingi hupandisha maeneo ya Hz 100, ambako gitaa na besi tayari zinagombania nafasi. Ukiona bado pazito, ingia kwenye ekwalaiza upunguze desibeli 2 au 3 kati ya Hz 200 na 400. Spika usiziweke konani. Kama kuna noti moja tu ya rifu (kifungu cha noti kinachorudiwarudiwa) inayovuma kuliko wenzake, hicho ni chumba chako, miksi haina hatia.

Tope likibaki baada ya hayo, sasa ilaumu bendi, na mara nyingi kosa lilifanyika kabla ya kurekodi. Kushusha nusu toni tatu bila kubadili nyuzi kunapunguza mkazo wa waya kwa karibu asilimia 30. Seti ya nyuzi za 10–46 (unene wake kwa elfu za inchi) inakuwa kamba ya kuanikia nguo: ukipiga kwa nguvu, noti inapanda kidogo kisha inarudi. Magitaa mawili yakifanya hivyo kila moja kwa wakati wake, hakuna fundi mitambo atakayeyapatanisha. Kwa C# anza na 11–54 au 12–56.

Kosa jingine ni fazi juu ya kila kitu. Fazi za ukoo wa Big Muff, pedali maarufu ya gitaa, hushusha masafa ya kati. Ukimpa mpiga gitaa na mpiga besi fazi ya aina hiyohiyo, katikati panabaki patupu na chini pamejaa fujo. Besi inatakiwa igawanywe njia mbili, moja yenye fazi na moja safi, kisha zichanganywe. Ile safi ndiyo inayokuonyesha noti inaanzia wapi.

Sasa urefu. Kwa mapigo 60 kwa dakika, baa ya mapigo manne inachukua sekunde 4. Rifu ya baa nne ni sekunde 16. Irudie mara nne, dakika imeshapita na mwimbaji hajafungua mdomo. Kwa mapigo 40 safari hiyohiyo ni sekunde 96. Kwa hiyo dakika kumi si nyingi kama zinavyoonekana. Mirror Reaper ya bendi ya Bell Witch, 2017, ni wimbo mmoja wa dakika 83 usio na gitaa kabisa, na unashika. Mimi humpima mpiga ngoma. Rifu ikirudi mara ya tatu, je, amehamia kwenye toazi jingine, amechelewesha pigo, au ameacha pengo? Kama anarudia yaleyale neno kwa neno, hapo nakubaliana nawe, wimbo umekwama. Pengo nalo liwe pengo kweli: kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ikikazwa mno, mkia wa matoazi unavutwa juu hadi unajaza ukimya wote, na pigo linalofuata linakosa uzito.

Ukitaka kuinunua kwa santuri, soma kwanza muda wa kila upande. Besi nzito inahitaji mfereji mpana, kwa hiyo upande ukizidi dakika 22 hivi, fundi anayekata santuri hulazimika kushusha sauti au kupunguza besi, na mikwaruzo ya uso wa santuri inapanda juu. Kama wamebana dakika 50 kwenye santuri moja badala ya mbili, chukua ya kidijitali.