Namna ya Kusahihisha Makosa katika Logibuku ya Rubani

Mkaguzi wa leseni hashtushwi na kosa katika logibuku, daftari ambamo rubani huandika safari na saa zake za kuruka. Hushtushwa na ukurasa uliokwanguliwa kwa wembe au kupakwa wino mweupe juu ya saa za kuruka. Kosa lililosahihishwa vizuri hubaki likisomeka, na anayekagua huona kilichokuwapo, kilichobadilishwa na aliyebadilisha.

Vijana wanaorudi nyumbani Mbeya kutoka vyuo vya urubani huniletea logibuku zao nizipitie kabla hawajaomba leseni ya biashara, yaani ile inayomruhusu rubani kulipwa kwa kurusha ndege, na makosa mengi ninayokutana nayo huzaliwa na saa. Sisi tunasema saa tatu na dakika kumi asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha 9:10, lakini logibuku inayoandikwa kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, inataka 06:10. Mwanafunzi mmoja aliandika muda wa kuondoka kwa saa za hapa na wa kufika kwa UTC, ikawa ndege imeondoka Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, saa 09:10 na kutua Nduli, Iringa, saa 07:50. Chanzo kingine ni ukungu wetu wa asubuhi: mtu hunakili muda wa mpango wa safari, kumbe ndege ilikaa uwanjani ikisubiri anga lifunguke. Muda wa safari huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka hadi inaposimama kabisa mwishoni, kwa hiyo kusubiri huko hakuhesabiwi.

Lipo pia kosa la desimali, ambalo huwapata hata wenye akili za hesabu. Saa 1 na dakika 40 si 1.4 bali 1.7, kwa kuwa kila dakika 6 ni sehemu moja ya kumi ya saa. Kwa anayehesabu kuelekea saa 200 za leseni ya biashara, upungufu wa namna hiyo ukijirudia unauma.

Ukishaligundua kosa, usisahihishe kwa kumbukumbu ya kichwani. Tafuta kwanza kitabu cha ndege yenyewe, ambamo kila safari yake huandikwa, au rekodi za chuo, ulinganishe tarehe, usajili wa ndege na muda. Kisha, kwa kalamu ya wino na rula, pitisha mstari mmoja juu ya tarakimu iliyokosewa, andika iliyo sahihi juu yake au pembeni, utie saini fupi na tarehe ya siku unayosahihisha. Sehemu ya maelezo iandike sababu kwa maneno machache. Ikiwa safari ilisainiwa na mwalimu au mtahini, usiguse saini yake. Mpelekee athibitishe marekebisho kwa mkono wake mwenyewe, hata kama itakubidi umfuate Dodoma.

Kazi kubwa iko kwenye jumla. Kosa la ukurasa wa 14 ukiligundua uko ukurasa wa 31, ukianza kukata jumla za kurasa zote zilizo katikati utapata kitabu kilichojaa mistari kuliko safari, na uwezekano wa kukosea upya ni mkubwa. Mimi hupendelea kusahihisha tarakimu pale ilipokosewa, kuacha jumla za zamani kama zilivyo, kisha kuweka mstari wa marekebisho kwenye ukurasa wa sasa: "Marekebisho ya ukurasa wa 14, mstari wa 6: ongeza 0.3." Kumbuka kurekebisha pia safu zinazohusika, kwa mfano saa ulizoruka ukiwa rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege, au za usiku, maana wengi hurekebisha jumla kuu peke yake na safu zikakataa kukubaliana.

Wanaotumia logibuku ya kompyuta wahifadhi nakala ya kabla ya marekebisho. Na kama maombi ya leseni yamekwisha kufika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, peleka barua fupi ukiambatanisha nakala ya ukurasa uliosahihishwa na ya kitabu cha ndege, kabla hujaitwa kuulizwa.