Aligonga kichwa mpirani: Jumamosi asicheze

Mama, umeandika kwamba kijana wako aligongana vichwa na mwenzake juzi, bado kinamuuma, na kocha anamtaka Jumamosi kwa sababu hakuzimia. Mkatalie. Ubongo hutikisika hata bila kuzimia, na ukigongwa tena kabla haujapona hatari ni kubwa zaidi. Mpeleke aonwe na daktari. Apumzike siku 1 au 2, simu kidogo. Arudi masomoni kwanza, kisha mazoezi polepole, kila hatua angalau saa 24. Mechi iwe hatua ya mwisho, daktari akiruhusu.

Akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka au maumivu yakizidi, mkimbize hospitali hata usiku. Asinywe aspirini.

Na viwanja vyetu vya Goma, wazazi tudai mawe ya volkano yaondolewe.