Vakyumu inazima yenyewe na kunuka uvundo: niifungue hadi wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina vakyumu ya kopo, isiyotumia mfuko, wati 2000, niliyoletewa na dada yangu kutoka Maskati miaka minne iliyopita. Nyumbani tuna mazulia vyumba vitatu. Siku hizi hainyonyi kama zamani, nikiiwasha inatoa uvundo kama wa nguo zilizolala mbichi, na wiki iliyopita ilizima yenyewe nikiwa katikati ya kazi. Nilidhani imekufa, lakini jioni nikaijaribu ikawaka. Kopo namwaga kila Ijumaa, na filta ya sponji nimeiosha mara mbili mwezi huu. Sasa nataka kuifungua yote niioshe. Nifungue hadi wapi, na wapi nisiguse? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Mashine yako haijafa. Ilizima kwa sababu karibu na mota kuna swichi ndogo ya joto, na kazi yake ni kukata umeme mota ikichemka. Ikipoa, umeme unapita tena. Ndiyo maana jioni iliwaka. Usiichukulie kama ajabu iliyopita, kwa sababu kila inapofikia joto lile mota inaumia kidogo.

Kwa nini ilichemka? Katika vakyumu za nyumbani za namna yako, mota hupozwa na hewa ileile inayonyonywa kutoka kwenye zulia. Hewa inaingia kichwani, inapita kwenye bomba, inazunguka koponi na kuacha taka, inachujwa na sponji, inapita kwenye mota, halafu inatoka nyuma kupitia filta ya pili. Njia hiyo ikizibwa popote, uvutaji unapungua na mota inakosa hewa ya kuipoza kwa wakati mmoja. Sikiliza sauti pia. Bomba likiziba, mlio unapanda na kuwa mwembamba, na watu wengi hufurahi wakidhani mashine imepata nguvu. Mota inakimbia mbio vile kwa sababu haina hewa ya kusukuma.

Kwa hiyo usianze na bisibisi. Anza kwa kujua palipoziba. Chomoa bomba kwenye mwili wa mashine, washa, weka kiganja kwenye tundu. Ikikuvuta kwa nguvu, tatizo liko kwenye bomba au kichwa. Ikikuvuta kivivu, liko koponi, kwenye filta, au mahali panapovuja hewa. Jaribio hili ni la nusu dakika, na limeniokolea saa nyingi za kufungua mashine bure. Usijaribu kuiwasha bila filta hata kidogo, maana vumbi litakwenda moja kwa moja kwenye mota.

Ukishapajua, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe tu hakutoshi. Toka nayo nje, barazani au uani, vaa barakoa, na kama kuna mwenye pumu nyumbani asikae karibu mpaka umalize.

Bomba ni rahisi. Liinue, tia gololi juu, isikilize ikishuka. Ikikwama, sukuma taratibu kwa mpini wa fagio kutoka upande wa pili. Seng'enge usitumie, inatoboa bomba kwa ndani na hutaona tundu lilipo. Kama mwisho wa bomba una pini za shaba, au mshikio una vitufe, ndani yake mna nyaya, basi usilioshe kwa maji. Kichwani tazama brashi inayozunguka, kama ipo. Nywele, nyuzi za zulia na vipande vya rasta hujisokota huko mpaka brashi inakwama. Kata kwa mkasi kufuata urefu wa brashi, kisha ing'oe utazame ncha zake mbili, maana nywele hupenda kujificha pale inapokalia beringi.

Kopo lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kwa harufu, pangusa ndani kwa siki iliyochanganywa na maji. Jiki hapana, inaharibu mpira na sponji. Kabla hujaosha, uangalie vizuri mpira unaozunguka mdomo wa kopo. Ukiona mstari wa vumbi umekatiza juu yake, hapo ndipo hewa inapovuja, na mashine haitavuta vizuri hata ukiisafisha mara kumi. Mara nyingi ni mchanga tu umekaa kwenye kifereji cha mpira, ukifuta unaisha. Kama mpira umepasuka, unahitaji mwingine.

Juu ya kopo huenda kuna kundi la vikoni vidogo vya plastiki ambavyo huzungusha hewa ili vumbi lianguke. Usivichokoe kwa waya. Vigongegonge kwa kiganja huku umevigeuza chini, pitisha brashi kavu, basi. Huko maji yakiingia hutoka kwa taabu, na mimi sipendi kabisa yaingie.

Sasa sponji, na hapa nadhani ndipo ugonjwa wako ulipo. Umeiosha mara mbili mwezi huu, lakini hukusema umeianika muda gani. Uvundo wa nguo mbichi ni dalili ya sponji iliyorudishwa ikiwa na maji ndani, vumbi likagandia, kuvu ikaota. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope, na tope linaziba matundu ya sponji kuliko vumbi kavu. Tena mashine inavuta ule unyevu na kuupitisha kwenye mota, penye shaba na beringi za chuma. Kwa maoni yangu, sponji chafu iliyokavu ni afadhali kuliko safi yenye maji.

Ioshe kwa maji ya kawaida, ikamue kwa kuibana viganjani, usiisokote. Vijitabu vingi vya mashine hizi vinasema saa 24 za kukausha. Kwa hewa ya Tanga, na hasa wakati wa masika, mimi nasema siku mbili, kivulini penye upepo. Jua kali huifanya sponji ikauke kama mkate wa juzi na kuanza kumeguka. Usiiamini kwa kuishika tu. Ibane katikati ya karatasi ya tishu kwa nguvu. Tishu ikipata hata doa la unyevu, irudishe kwenye kamba. Dawa ya kudumu ni kuwa na sponji mbili: moja kazini, nyingine kwenye kamba. Ukipata ya saizi yake dukani, inunue leo.

Filta ya pili je, umeshawahi kuiona? Iko nyuma, chini ya kifuniko chenye matundu ambamo hewa ya moto hutokea. Mara nyingi ni ya HEPA, yaani ya kunasa vumbi laini sana, na wateja wangu wengi hawajui kama ipo. Itoe utazame. Kama imeandikwa kwamba inaoshwa, ioshe na kuikausha kama sponji. Kama ni ya karatasi na imegeuka ya kijivu iliyoiva, kuigonga kidogo kwenye gazeti ni dawa ya muda tu, inataka kubadilishwa. Maji yataivuruga, na upepo wa kompresa utaitoboa matundu usiyoyaona.

Nikuulize jingine la kwetu Pwani: mnafukiza udi? Majivu ya chetezo yanayomwagika kwenye zulia ni laini mno, yanapita vikoni na kujaza sponji kwa siku moja. Saruji na unga wa ngano ni vivyo hivyo. Na kaa dogo lenye moto likivutwa linaweza kuunguza sponji na kuwasha vumbi lililomo koponi. Majivu yazoe kwa kitambaa kilicholowa, vakyumu ije baadaye.

Ukimaliza haya yote, kausha, funga, ujaribu. Nyingi hupona hapa, na mwili wa mashine haujafunguliwa hata skrubu moja.

Ikibidi kufungua, utahitaji bisibisi ndefu, mara nyingi ya nyota ya pembe sita, T15 au T20, maana skrubu zimezama ndani ya mashimo. Nyingine zimefichwa chini ya magurudumu au chini ya filta. Piga picha kila hatua, na skrubu zipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio ulivyozitoa, kwa sababu hazilingani urefu. Ndefu ikiingia pa fupi inapasua plastiki. Mwili ukigoma kuachana baada ya skrubu zote kutoka, bado kuna skrubu au kuna vibanio. Tumia kadi ya zamani ya plastiki kuvilegeza, usitie kisu.

Ndani ni brashi kavu ya rangi na kitambaa kikavu, hakuna maji. Ukitumia upepo wa kompresa, zuia feni ya mota isizunguke, maana upepo unaweza kuikimbiza kupita kiasi na kuumiza beringi. Zungusha feni kwa mkono: iende laini. Ikikwaruza kama ina mchanga, beringi zimechoka, na mafuta ya kupuliza hayatazifufua. Yatakusanya vumbi tu. Kaboni mbili, yaani vipande vidogo vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikibaki chini ya milimita 5 hivi, zibadilishwe zote mbili pamoja.

Pa kutogusa ni pawili. Kwanza, kasha la feni ya mota. Inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na ikikaa upande kwa unywele mmoja itatetemeka mpaka ijivunje. Pili, gurudumu linalorudisha waya ndani. Lina springi ya bapa iliyosokotwa kwa nguvu, ikifyatuka inakata vidole. Nimembandika fundi mwenzangu plasta kwa sababu yake, na yeye alikuwa mzoefu. Waya ukikataa kurudi, mpelekee mtu mwenye vifaa.

Baada ya kufunga, iwashe dakika tano na uweke mkono nyuma inapotokea hewa. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto wa kukufanya uondoe mkono, au ikizima tena wakati njia yote ya hewa ni safi, usiiwashe zaidi. Nitumie picha ya kaboni na ya mpira wa kopo, nitakwambia kama mota inafaa kutengenezwa.