German Shepherd ni mbwa wa kuchunga, usimfungie kutwa

Mkuu, umeuliza kama German Shepherd wa miezi miwili atakufaa kwa ulinzi hapo Dar, ukimfungia bandani mchana na kumwachia usiku. Nafuga mbegu hii mwaka wa tisa sasa. Atakufaa, ila hilo la kumfungia kutwa liache.

Huyu asili yake ni kuchunga kondoo. Horand, wa kwanza kuandikishwa kwenye daftari lao, alinunuliwa na Max von Stephanitz huko Ujerumani mwaka 1899, na mzee yule alikuwa anatafuta mchungaji. Kazi yao ilikuwa kwenda na kurudi ukingoni mwa shamba ili kondoo wasivuke kwenye mazao. Yaani mbwa ndiye aliyekuwa uzio. Jike langu, Zuri, hajawahi kuona kondoo, lakini amekanyaga njia kando ya ukuta wa nyumba mpaka majani hayaoti tena. Watoto wakicheza uani anawazunguka kimya kimya. Anayechepuka kwenda getini anasukumwa kwa bega mpaka arudi kwa wenzake.

Wa kwanza nilimfungia kama unavyotaka wewe. Aliguguna mlango wa banda mpaka fizi zikatoka damu, na usiku akawa anabwekea hata kivuli. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo akishakomaa mtembeze saa nzima alfajiri, jua halijawaka, na jioni mpe robo saa ya mafunzo: keti, lala, njoo, tafuta. Akiwa mdogo usimpandishe ngazi wala kumrukisha, maana nyonga ndiyo shida yao. Kabla ya kulipa, omba uwaone wazazi wakitembea. Manyoya yana tabaka mbili, mpige brashi mara mbili tatu kwa wiki; usimnyoe kisa joto, kivuli na maji vinatosha. Chakula kigawe mara mbili na asikimbie akishakula, tumbo lao huweza kujaa gesi na kujipinda, na akikawia kutibiwa anakufa.

Chanjo zote mpe, ya kichaa usiiruke. Ila kitakachokusumbua zaidi ni kupe. Kila jioni mpekue masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Siku Zuri alipokataa nyama nilimfunua mdomo nikakuta fizi nyeupe kama karatasi, na mkojo ulikuwa rangi ya kahawa. Homa ya kupe. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo usiku uleule, akapona. Ukiona fizi zimepauka, usingoje kukuche.